Kutembelea kanisa la kale Moshi: jengo, ibada na kwaya, hatua kwa hatua

Wageni wengi ninaowatembeza Moshi huniomba niwaonyeshe kanisa la kale "kwa saa moja hivi, Jumapili kabla ya chakula cha mchana." Ndani ya ombi hilo kuna shughuli tatu, na hazikai pamoja. Jengo huonekana vizuri likiwa tupu. Ibada haipendezwi na mtu anayezungusha shingo kukagua dari. Na uimbaji mtamu kuliko wote mjini hapa huusikii sana Jumapili asubuhi. Unausikia jioni za katikati ya wiki, kwaya zikiwa mazoezini. Kwa hiyo mpango wangu una safari tatu fupi, kila moja na siku yake. Mimi ni mwongoza wageni na pia naimba sauti ya nne, yaani besi, kwa hiyo upande wa kwaya nitapendelea kidogo.

Hatua ya 1: Jua ukale wenyewe uko wapi

Mji wa Moshi wa leo ulikua kandokando ya reli iliyotoka Tanga na kufika hapa 1911. Wamisionari walitangulia kuliko reli, na hawakubaki huku chini kwenye joto. Walipanda mlimani, Kilimanjaro, kwa mamangi, yaani watawala wa Kichagga, kwa sababu mangi ndiye aliyekuwa na ardhi ya kutoa na ulinzi wa kuahidi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema 1890, kwa Mangi Fumba, kisha Kibosho 1893. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka huohuo wa 1893, wakafungua kituo cha Kidia, huko Old Moshi mlimani juu ya mji wa leo, 1896. Hata hao si wa kwanza: Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society, chama cha misheni cha Uingereza) walikuwa Old Moshi tangu 1885, mpaka utawala wa Kijerumani ulipowaondoa 1892 wakahamia Taveta, Kenya ya leo.

Maana yake ni kwamba makanisa ya mjini ni wadogo wa yale ya mlimani. Ushauri wangu: ibada na kwaya zifuate mjini, jengo la kale lifuate juu. Mjini kuna Kanisa Kuu la Kristo Mfalme la Jimbo Katoliki la Moshi (lilianza kama vikarieti, yaani eneo la misheni ambalo bado si jimbo, ya Kilimanjaro 1910, likawa jimbo kamili 1953), na kuna Usharika wa Moshi Mjini wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Dayosisi ya Kaskazini.

Ukiwa na nafasi ya kupanda sehemu moja tu, panda Kidia. Chukua daladala mpaka Kiboriloni, halafu bodaboda au gari la kupanda Old Moshi. Hapo ndipo alipotumika Bruno Gutmann, mmisionari aliyeandika mno kuhusu sheria na desturi za Wachagga, hadi alipoondoka 1938. Na huko huko Old Moshi kuna mti ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake, tarehe 2 Machi 1900. Wapo wanaopeleka wageni kanisani na kuwarudisha mjini bila kuwafikisha kwenye mti ule. Mimi siwezi. Misheni na boma la utawala wa Kijerumani vilifika mlimani katika miaka ileile, na anayeona kimoja bila kingine ameona nusu.

Hatua ya 2: Pitia ofisini kwanza

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Kwa Wakatoliki uliza ofisi ya parokia, kwa Walutheri ofisi ya usharika. Ukimkuta mlinzi au mzee wa kanisa getini, salamu itangulie haja:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Karibu."
"Asante. Tumekuja kuliona kanisa, tukaona tusiingie kimyakimya. Ofisi iko upande gani?"

Basi. Hapo utapelekwa mpaka mlangoni, na mara nyingi huyo mzee ndiye atakayekuwa mwalimu wako, kwa sababu alibatizwa humo na anajua ni ukuta gani uliongezwa na paa lipi lilibadilishwa. Muulize mambo ya macho yake mwenyewe, tarehe uzitafute kwenye mawe. Picha ziombee ruhusa hapohapo ofisini. Droni ni habari nyingine. Kibali chake hakitoki kwa paroko, kinatoka serikalini.

Acha sadaka kidogo kwenye sanduku. Hakuna kiingilio, lakini paa la mabati halijikarabati.

Hatua ya 3: Lisome jengo

Anzia nje, mbali kidogo, ulione lote. Kisha zunguka ukuta ukiupapasa kwa mkono. Makanisa mengi ya zamani ya mlimani yamejengwa kwa mawe ya volkeno, yale meusi yenye vitundu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa chini ya miguu. Tazama pembe za jengo na vizingiti vya madirisha: hapo fundi alichonga mawe yakanyooka, kwingine aliyapanga yalivyo. Ukiona mstari ambapo rangi ya mawe au ya chokaa inabadilika ghafla, kanisa liliongezwa urefu pale, kwa kawaida waumini walipozidi nafasi.

Tafuta mwaka juu ya mlango, lakini usiuamini haraka. Mwaka ulio kwenye bango la getini huwa ni wa kuanza kwa misheni. Jengo la kwanza lilikuwa la miti na majani au matofali mabichi, na la mawe lilifuata baadaye. Ukiwa kwenye kanisa la Kilutheri kumbuka pia kwamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, na walipokuwa hawapo sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kichagga, Walutheri wa Marekani wakija kusaidia. Kwa hiyo ujenzi unaoitwa "wa Wajerumani" muulize mzee ni wa Wajerumani wa lini, na mawe aliyabeba nani. Jibu la swali hili la pili karibu siku zote ni bibi na babu zake.

Mnara. Ukiruhusiwa kupanda, soma maandishi ubavuni mwa kengele. Zipo kengele za misheni zilizosubuliwa kwa feleji (chuma cha pua kigumu) na si shaba, katika kiwanda cha Bochumer Verein huko Bochum, Ujerumani, na jina la kiwanda limeinuka juu ya chuma chenyewe. Feleji ilikuwa rahisi kuliko shaba. Usiiguse kamba, hata kwa utani: kengele ikilia saa isiyo yake, watu watauliza nani amefariki.

Ndani, tofauti ya madhehebu inasomeka kwa macho. Katika kanisa Katoliki la zamani tafuta altare mbili. Ya kwanza imeegemea ukuta wa mbele, na padre aliadhimisha misa juu yake akiwa ameelekea upande uleule na waumini. Ya pili imesogezwa mbele, katikati ya watu. Hiyo ililetwa na mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, ambao pia ndio uliofungua mlango wa misa ya Kiswahili, ngoma na kayamba. Hatua chache kati ya altare hizo mbili zinakueleza karne nzima. Angalia pia taa nyekundu inayowaka karibu na tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi), vituo 14 vya Njia ya Msalaba ukutani, na kitubio, kibanda cha kuungamia, ambacho siku hizi pengine kimegeuzwa stoo ya mafagio.

Kwa Walutheri macho yaende kwenye mimbari. Angalia imewekwa juu kiasi gani na upande gani, maana jengo zima limepangwa ili neno lisikike kutoka pale. Vitambaa vya altare na mimbari hubadilika rangi kufuata majira ya kanisa: zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani katika wiki nyingi za kawaida.

Kisha simama katikati ya kanisa tupu, upige kofi moja. Sikiliza linavyorudi. Ukuta mnene wa mawe na paa refu la mbao huirudisha sauti polepole, ndiyo maana kwaya za zamani hazikuhitaji kipaza sauti. Mabenchi nayo yatazame: mengine ni ya mkulo, mti wa msitu wa Kilimanjaro uliokatwa sana mpaka ukaadimika.

Hapa niseme langu. Ukarabati wa siku hizi unaniumiza roho. Naona vigae vya kuteleza juu ya sakafu ya zamani, dari ya jipsamu iliyofunika boriti nzuri, madirisha ya alumini mahali pa fremu za mbao, na spika nane ukutani katika jengo lililojengwa ili lisihitaji hata moja. Najua sababu: mchwa, uvujaji, na waumini wanaotaka kanisa lao lipendeze. Haki yao. Ila wewe uliyetoka mbali kuona jengo la kale, inua macho ujue unachokiona ni kipi cha lini.

Hatua ya 4: Rudi Jumapili, uje kusali

Kamera iache nyumbani. Ibada ya kwanza huanza asubuhi mapema mno na huwa fupi. Ya pili ina watu wengi, kwaya nyingi na matangazo yasiyokwisha. Kama shida yako ni muda, nenda ya kwanza. Kama unataka kuona usharika ulivyo, nenda ya pili na ufike nusu saa kabla.

Mavazi: gauni au sketi ya heshima, mabega yafunikwe, kitenge hakijawahi kumkosea mtu. Wanaume kofia mkononi, kaptura nyumbani. Salamu nazo zina mahali pake. Mkatoliki atakuambia "Tumsifu Yesu Kristo," nawe ujibu "Milele na milele, amina." Mlutheri atasema "Bwana Yesu asifiwe," nawe ujibu "Amina." Ukichanganya hakuna atakayekufukuza.

Wakati wa matangazo huenda wageni wakaombwa kusimama. Simama, taja jina na unakotoka, toa salamu za kwenu, kaa. Sentensi tatu zinatosha.

Sadaka hutolewa kwa kupanga foleni benchi baada ya benchi mpaka mbele, na huenda ikawa zaidi ya moja, kwa hiyo ingia na noti ndogondogo. Komunyo kwa Wakatoliki ni ya Wakatoliki waliojiandaa. Kama si wewe, baki umekaa bila wasiwasi. Kwa Walutheri siku ya Chakula cha Bwana, mgeni wa dhehebu jingine amuulize mzee wa kanisa kabla ya ibada kuanza.

Ibada ya Kilutheri ikiisha usikimbilie geti. Nje kunakuwa na mnada wa sadaka za mali: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, parachichi. Mnadi ana maneno kuliko mchungaji. Ukishinda jogoo na huna pa kumpeleka, mrudishe anadiwe tena. Watu wanapenda hivyo, na kanisa linapata mara mbili.

Hatua ya 5: Njoo jioni ya mazoezi

Hii ndiyo safari ambayo wageni wengi hawaijui. Mwulize mwalimu wa kwaya, au mwanakwaya yeyote mwenye sare Jumapili, wanafanya mazoezi siku gani. Omba kukaa nyuma. Hakuna kwaya niijuayo iliyomkataa msikilizaji aliyekaa kimya.

Utasikia wimbo ukijengwa kuanzia chini. Mwalimu anaandika nota za solfa ubaoni au anagawa karatasi, kisha kila sauti inajifunza peke yake kwa do, re, mi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi wa nne mwishoni tukisubiri kama abiria wa kiti cha nyuma. Baadaye maneno yanapachikwa, halafu sauti zote nne zinaunganishwa, bila kinanda. Katika kanisa tupu la mawe, pale zinapokutana kwa mara ya kwanza ndipo utajua jengo lilijengewa nini. Kaa katikati ya mabenchi ya nyuma. Pembeni utasikia sauti moja zaidi ya nyingine.

KKKT ina pia vikundi vya tarumbeta, urithi wa wamisionari wa Kijerumani ambao Wachagga wameufanya wao kabisa, kanisani na kwenye maharusi. Wao wasikilize nje, hatua ishirini hivi kutoka walipo. Ndani ya kuta nne shaba inakula kila kitu.

Kuhusu matamasha, lisome tangazo vizuri. Likisema "uzinduzi wa albamu," tegemea mgeni rasmi, hotuba, harambee, na mara nyingi kwaya ikifuatisha wimbo uliokwisha kurekodiwa. Ni sherehe nzuri, lakini sauti halisi ni chache. Likisema "tamasha la uimbaji" au "mashindano ya kwaya," nenda haraka, maana hapo kwaya huimba kwa koo zao mbele ya kwaya nyingine, na hakuna anayekubali kuaibika. Saa iliyoandikwa ongezea moja.

Hatua ya 6: Chagua tarehe

Wakatoliki: tarehe 22 Novemba au Jumapili ya jirani, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, na Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, ambayo ni ya Kristo Mfalme, sikukuu ya kanisa kuu lenyewe. Walutheri: Matengenezo ya Kanisa, 31 Oktoba, na Jumapili za mavuno, ambapo mnada hufurika. Siku ya kipaimara ibada ni ndefu na mabenchi yote ni ya wazazi, kwa hiyo ipishe.

Machi hadi Mei mvua ya masika ikipiga mabati hutasikia mahubiri wala kwaya. Krismasi ni mtihani wa aina yake. Wachagga wa Dar na kwingineko wanapanda nyumbani, makanisa ya mlimani yanajaa mpaka mahema ya nje, na basi la kurudi linahitaji kukatiwa tiketi wiki kadhaa mapema. Nenda kama unapenda umati.

Mazoezi na matamasha yakiisha giza limeingia, na daladala za kushuka kutoka mlimani zinakuwa chache. Patana na dereva wa bodaboda au wa teksi kabla hujaingia kanisani, uchukue namba yake, na umwambie saa ya kumaliza ni ile waliyotangaza, kuongeza moja.