Ukienda kununua kisu cha mhunzi, beba tupa
Visu viwili vilivyofuliwa kwa springi ya gari vinaweza kufanana kabisa, kimoja kikashika makali na kingine kikawa butu siku hiyohiyo. Mwombe fundi ruhusa, kisha pitisha tupa ndogo (kifaa cha kukwangulia chuma) taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimetiwa ugumu. Iking'ata na kutoa unga, ni laini, kiache. Tazama ncha pia: buluu hapo ni dalili kwamba jiwe la grinda limekiunguza, na sehemu hiyo haitadumisha makali hata ukinoa kila asubuhi. Kwenye mpini, chuma kionekane mpaka mwisho, na ribiti (pini za chuma zinazobana mpini) zisipungue 2. Kwa kubeba kila siku, bapa la sentimita 8 hadi 10 linatosha. Ipindue ala (mfuko wa kisu) kisu kikiwa ndani, kisidondoke.