Kuhamisha daftari la washarika kwenda kwenye kompyuta: anza na namba ya bahasha

Mimi ni katibu wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) jijini Dar es Salaam, wala si mtaalamu wa kompyuta. Kazi hii nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza tulianza kwa kununua programu. Miezi sita baadaye mhasibu alisharudi kwenye daftari lake la jalada gumu, na ile kompyuta ilikuwa ya kwaya ya vijana kusikilizia nyimbo. Mara ya pili tulianza na bahasha, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Hatua ya 1: Safisha namba za bahasha

Usitunge namba mpya za ushirika. Namba ya bahasha ya ahadi, ile bahasha ambayo msharika hutolea sadaka aliyoahidi, inajulikana na mhasibu, mzee wa kanisa na msharika mwenyewe. Kuna mabibi hapa kwetu hawakumbuki namba zao za simu, lakini ya bahasha wataitaja hata ukiwaamsha usiku.

Lipitie daftari la ahadi ukurasa kwa ukurasa. Utakuta mtu mwenye namba mbili, namba ya marehemu aliyopewa mgeni, na mume na mke wenye bahasha moja. Sisi tuliamua kwamba namba ni ya mtu, si ya nyumba. Wanandoa wakipenda kutoa pamoja, watoe kwa namba ya mmoja wao, lakini kila mmoja abaki na yake. Namba ya marehemu haigawiwi tena. Pelekeni uamuzi wenu kwenye Baraza la Wazee uandikwe kwenye muhtasari, la sivyo mwakani mzee mpya atauliza nani kabadilisha utaratibu na hamtakuwa na la kumwonyesha.

Hatua ya 2: Fomu ipitie jumuiyani

Tulitangaza ibadani kwamba fomu ziko mlangoni. Zilirudi chache, na nusu yake hazina simu. Ndipo tukazipeleka kwa wenyeviti wa jumuiya. Jumuiya zetu zinasali Jumamosi saa 12 asubuhi, majumbani; baada ya ibada, kijana mwenye mwandiko unaosomeka anakaa na fomu huku chai ikinywewa, anauliza na kuandika yeye.

"Mama, jina lako kamili?"

"Si unanijua wewe? Andika Mama Neema."

Jumuiya ile ilikuwa na akina Mama Neema watatu. Andika majina matatu, kisha jina la mazoea liwe na nafasi yake pembeni, kwa sababu ndilo mwenyekiti atakalolitumia kumtafuta.

Fomu isizidi ukurasa mmoja: majina, bahasha, jumuiya, simu, tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa. Kwenye ubatizo andika pia jina la usharika. Washarika wengi wa Dar wamebatizwa Moshi, Bukoba au Njombe, na siku mtu akihitaji cheti, kitabu chenye jina lake kiko huko.

Chini kabisa weka sehemu ya sahihi, pamoja na sentensi inayosema taarifa zitatumika kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Orodha ya washarika ni orodha ya imani za watu. Sheria hiyo pia inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo ulizeni dayosisi mapema utaratibu ukoje.

Hatua ya 3: Excel kwanza

Kabla ya kuandika chochote, chagua safu za simu na tarehe uzipange ziwe maandishi. Usipofanya hivyo, Excel itaifanya 0754 kuwa 754, na tarehe 3 Agosti inaweza kugeuka Machi 8. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza: 2014-08-03. Simu zote zianze na 255.

Majina ya jumuiya yaandikwe kwa namna moja tu. Kwa kompyuta, "Bethania", "Betania" na "Jumuiya ya Bethania" ni jumuiya tatu.

Hatua ya 4: Programu

Hapa ndipo wengi wanapotumia muda mrefu bila sababu. Sisi tulichukua ChurchCRM: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inahitaji seva yenye PHP na MySQL (programu za kuendesha tovuti na kuhifadhi taarifa), na ina nafasi ya namba ya bahasha tayari. Kijana yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti ataisimika. Mkipenda nyingine, sawa, ila mjaribu kwanza kama inawaruhusu kuzitoa taarifa zenu zote kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalofunguka hata kwenye Excel. Isiporuhusu, iacheni.

Hatua ya 5: Pakia jumuiya moja

Moja tu. Ikae mwezi mzima, mwenyekiti wake aipekue, ndipo mwendelee na nyingine.

Programu nyingi za namna hii zimetungwa na watu wanaoamini kwamba jina la ukoo na anwani vinatosha kutambua familia. Sisi tulijaza S.L.P. ya usharika kwa kila asiye na anwani, kosa letu wenyewe, kisha tukaruhusu familia zijiunde zenyewe. Akina Mushi wote wakawa familia moja, pamoja na mabwana watatu waliosajiliwa kuwa vichwa vya nyumba hiyo. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Tulifuta, tukaweka safu ya namba ya nyumba tuliyoitunga wenyewe, tukapakia upya.

Si kila anayeishi kwenye nyumba ni msharika. Kuna mume Mkatoliki, kuna dada wa kazi Mwislamu, kuna mpwa aliyekuja chuo na ushirika wake bado uko kwao. Usimwingize mtu kwa sababu tu analala hapo. Asiyetoa taarifa zake mwenyewe asionekane.

Hatua ya 6: Nani anaona nini

Mwenyekiti wa jumuiya aone majina na simu za jumuiya yake. Matoleo yaonwe na mhasibu, mtunza hazina na mchungaji. Kwetu ubaoni pamekuwa pakibandikwa namba na kiasi bila jina, na watu wanauthamini ufiche huo. Siku itakapovuma kwamba mwenyekiti anajua nani katoa ngapi, bahasha zitapungua na hakuna atakayekuambia sababu. Kila mtumiaji awe na nenosiri lake.

Hatua ya 7: Matoleo ya simu

Mtu akituma pesa kwa simu, mhasibu anaona jina la mwenye laini. Mtoto akimtolea mama yake, sadaka inaingia kwa mtoto. Tumieni malipo ya namba ya kampuni, yale yanayodai kumbukumbu namba, na kumbukumbu namba iwe namba ya bahasha. Itangazeni kila Jumapili kwa miezi mitatu, na bado kuna watakaoandika "sadaka".

Hatua ya 8: Jumatatu ya vifo na kuhama

Hii ndiyo hatua tuliyoiruka.

Tulikuwa tunatoa kwenye mfumo orodha ya waliozaliwa mwezi husika na kuwatumia ujumbe wa heri. Mjane mmoja akaja ofisini akiwa na simu ya marehemu mumewe mkononi. Hakuwa na hasira. Alinionyesha tu ujumbe: usharika unamtakia mzee heri ya kuzaliwa na miaka mingi. Tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma, na tangazo la msiba nililisoma mimi.

Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi nafungua karatasi ya matangazo ya Jumapili pamoja na mfumo. Aliyefariki abadilishwe hali yake siku hiyo. Asifutwe, maana wajukuu watakuja kuuliza. Aliyechukua barua ya kuhama vivyo hivyo. Waliobatizwa waingizwe, lakini kitabu cha ubatizo kiendelee kuandikwa kwa kalamu na kufungiwa kabatini.

Hatua ya 9: Nakala

Kila Ijumaa toa nakala ya taarifa zote, moja ikae ofisini na nyingine nje ya ofisi, zote zikiwa na nenosiri. Mara moja kila robo mwaka irudishe nakala hiyo kwenye kompyuta tupu, kisha mtafute mtu mmoja kwa namba yake ya bahasha. Mimi humtafuta yule mzee.