Kabla hujanunua kiko, kipulize

Mteja akiingia dukani kutafuta kiko, jicho lake hukimbilia rangi na mistari ya mti. Mimi huanza na tundu. Kiko kilichotobolewa vibaya hakiponywi na polishi, na tumbaku hata iwe nzuri namna gani, ukiitia humo itakuwa chungu na ya majimaji mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa uteuzi wa tumbaku huko Urambo: kushika jani, kulinusa, na kulitajia daraja mbele ya mkulima anayesubiri haki yake. Kiko ni starehe yangu ya jioni tangu ujana. Ninayoandika hapa ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta kiko na wamechoka kuungua ulimi. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Saratani ya mdomo na ya koo humpata hata yule ambaye haumezi moshi.

Basi, shika kiko kikiwa kimeunganishwa chote, uchungulie ndani ya bori, pale panapotiwa tumbaku. Tundu la kupitisha moshi litokee chini kabisa, katikati. Likitokea juu ya sakafu ya bori, hata kwa milimita mbili tatu, tumbaku ya chini haitaungua na itabaki matope. Likienda ubavuni, bori litaungua upande mmoja. Kisha chukua waya wa pamba wa kusafishia, uupitishe kuanzia mdomoni. Upite kwenye shilamu, yaani kile kipande cha kutia mdomoni, upite kwenye digali, shingo inayoshikana na bori, utokeze ndani ya bori bila wewe kuchomoa kitu. Ukikwama pale shilamu inapoingia kwenye digali, ujue matundu mawili hayakutazamana, na hapo ndipo maji yatakapojikusanya, kiko kianze kukoroma.

Viko vya Peterson vya mtindo wa System visikutishe. Charles Peterson wa Dublin aliupatia mtindo huo hataza mwaka 1890, na ndani ya digali mna kishimo cha kunasa maji kwa makusudi. Waya kukwama humo si kasoro.

Sasa kivute kikiwa kitupu, halafu kipulize. Hewa ipite kwa ulaini, sauti iwe nzito. Ukisikia mluzi, njia ni nyembamba. Tundu la milimita 3.5 hadi 4 linatosha kabisa. Mwenye duka akikukataza kutia mdomo, pulizia kupitia kiganja ulichokikunja au mwombe waya. Akikataa na hilo, ondoka.

Uzito nao una maana kwa mtu anayekibana kiko kwa meno huku mikono ikifanya kazi. Mimi kinachozidi gramu 50 nakiacha. Shilamu ya eboniti, yaani mpira mgumu, ni laini kwa meno lakini ikikaa juani hugeuka kijani na kutoa harufu ya kiberiti. Ya akriliki, aina ya plastiki, haibadiliki rangi ila ni ngumu. Mwenye meno ya bandia achukue eboniti.

Kuhusu kitu kilichotengenezewa kiko, viko vingi vizuri ni vya brayari, yaani kile kivimbe cha shinani, karibu na mizizi ya mti wa Erica arborea, unaoota kando ya Bahari ya Mediterania. Kivimbe huchimbwa, huchemshwa na kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa, na mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulijijengea jina kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Ukikuta brayari iliyopakwa vanishi nene inayong'aa kama kioo, tafuta mwanga mzuri uikague polepole, maana mara nyingi chini yake kuna vishimo vilivyozibwa kwa lipu. Kishimo kimoja kidogo hakina neno. Vikiwa vingi kwenye bori, joto litaitoa lipu hiyo siku moja.

Cha gunzi la mahindi wengi hukidharau bila sababu. Missouri Meerschaum, kampuni ya mji wa Washington katika jimbo la Missouri, inavitengeneza tangu 1869. Ni vyepesi, vinakunywa unyevu, na havihitaji kuzoeshwa moto polepole kama vya mti. Ukitaka kujua ladha ya kweli ya tumbaku mpya, ijaribu kwenye gunzi kwanza.

Halafu kuna mishaumu, na hapa nisimame kidogo kwa kuwa jambo hili ni letu. Jiwe hilo jeupe na jepesi linajulikana zaidi kutoka Eskişehir, Uturuki, lakini lipo pia kwenye tambarare za Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Arusha kulikuwa na Tanganyika Meerschaum Corporation iliyotengeneza viko vya chapa ya Kiko, vyenye alama ya tembo, vikauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Vingi vilivishwa ngozi kwa nje. Jiwe letu ni zito kidogo kuliko la Uturuki na halina weupe ule, lakini linavuta kwa ubaridi na ukavu ambao brayari haiufikii. Ukikutana na kimoja mnadani au kwenye kasha la mzee wa watu, kikague kama bori limepasuka chini ya ngozi: bonyeza ngozi taratibu kwa kidole gumba kuzunguka bori lote, palipopasuka patacheza. Ndani ya mishaumu usiache masizi yagande. Kwenye brayari, utando wa masizi wenye unene wa milimita moja hivi ni kinga. Kwenye jiwe, ukitanuka kwa joto, unalipasua.

Tukija kwenye tumbaku, usinunue jina la kopo. Uliza jani limekaushwaje. Wakulima wa Tabora wanajua tofauti hii kabla hawajajua kusoma. Ya mvuke, ambayo ni Virginia, hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto lisilochanganyika na moshi, kwa hiyo sukari yake hubaki. Ni tamu na inanukia nyasi kavu, lakini ukiivuta kwa pupa hung'ata ulimi. Ya hewa, kama Burley, hupoteza sukari ikining'inia kivulini. Ina ladha ya karanga, haing'ati sana, ila nikotini yake ni kali. Ya moshi, kama ile ya Songea, hukaushwa juu ya kuni na inatosha kidogo tu kwenye mchanganyiko.

Latakia ya Cyprus nayo ni ya moshi, wa miti na vichaka vyenye harufu, na hukifanya kiko kizima kinukie jiko la kuni. Perique, inayotoka St. James Parish huko Louisiana, hukandamizwa ndani ya mapipa mpaka ichachuke. Hiyo ni kiungo, haivutwi peke yake.

Kwa anayeanza kuchagua kwa akili, ninashauri Burley ya kawaida kama Prince Albert, iliyoko sokoni tangu 1907, kabla ya hizo zenye harufu ya vanila na cheri. Zenye manukato huwapendeza walioketi karibu nawe, lakini nyingi zimelowa maji ya kuzihifadhi na hukiachia kiko utamu mzito usiotoka. Ukishazoea, panda kwenye Virginia iliyogandamizwa kuwa vipande, kama Full Virginia Flake ya Samuel Gawith wa Kendal, Uingereza. Hiyo hufika ikiwa mbichi mno. Ikamue kwa vidole, itandaze kwenye karatasi, uiache. Pwani itachukua saa moja na zaidi. Dodoma usiiache hata nusu saa.

Kipimo changu ni kilekile cha mezani kwa mteuzi. Bana kiasi kidogo kati ya gumba na shahada, kisha achia. Ikibaki donge, bado. Ikilia na kuvunjika, imekauka mno, irudishie unyevu. Ikifumuka yenyewe polepole bila mlio, jaza kiko.

Kula kwanza. Burley nzito au ya moshi kwenye tumbo tupu itakuzungusha kichwa na kukutapisha. Ikitokea, weka kiko chini na unywe kitu cha sukari.

Tenga kiko cha Latakia na kiko cha Virginia, kwa kuwa harufu ya Latakia haitoki kwenye mti hata ukisugua. Usichomoe shilamu kiko kikiwa cha moto, digali litapasuka. Tumbaku ihamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, uandike tarehe, uiweke kabatini mbali na jua, nje ya friji. Virginia huzidi utamu ikikaa miaka. Latakia hupungua nguvu, kwa hiyo inunue kidogo kidogo.