Namna ya Kufundisha Historia ya Manowari za Uingereza za Kubeba Ndege

Mwalimu wa Uganda anayetaka wanafunzi wake waielewe historia ya manowari za Uingereza za kubeba ndege baada ya Vita Kuu ya Pili asianze na orodha ya majina ya meli, bali aanze na Januari 1964, mwezi ambao askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya. Jinja, yalikotokea maasi ya Uganda, haina bahari, kwa hiyo wanajeshi wa Uingereza waliletwa kwa ndege kutoka Kenya. Dar es Salaam, manowari Centaur iliyotokea Aden iliwashusha makomando kwa helikopta kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Tandaza ramani, wanafunzi walinganishe safari hizo mbili.

Kisha rudi hadi tarehe 3 Desemba 1945, rubani Eric Brown alipotua na jeti juu ya manowari Ocean, jambo lililokuwa halijafanywa na yeyote. Hapa usiharakishe, maana ndipo penye utamu wa somo. Jeti ilitua kwa kasi kubwa, na rubani aliyekosa nyaya za kuinasa alikabiliwa na kizuizi, na nyuma yake ndege zilizoegeshwa. Chora sitaha ubaoni, kisha uchore juu yake njia ya kutua iliyoelekezwa kushoto kidogo: kwa wazo hilo la Dennis Cambell, rubani aliyekosa nyaya aliongeza mwendo akapaa tena bila kugonga kitu. Ongeza manati ya mvuke ya Colin Mitchell, mtambo wa kurusha ndege kutoka sitahani, na kioo cha Nicholas Goodhart, ambacho kwa mwanga wake kilimwonyesha rubani kama yuko juu mno au chini mno. Marekani nayo ilivichukua vyote vitatu.

Baada ya hapo fuata fedha. Februari 1966 serikali ilifuta mpango wa manowari mpya CVA-01, na waziri wa jeshi la majini, Christopher Mayhew, akajiuzulu. Mwezi uliofuata manowari ya kubeba ndege Ark Royal ilikuwa ikilinda bahari ya Beira, bandari ya Msumbiji, ili mafuta yasifike Rhodesia (leo Zimbabwe). Mgongano huo, wa kufuta manowari mpya huku zile za zamani zikihitajika, unastahili kipindi kizima.

Kila jina liandikiwe mwaka, kwa kuwa Ark Royal ya 1955 siyo ile ya 1985. Eleza kwa ufupi Hermes na Invincible katika vita vya Falkland vya 1982, kisha uwape wanafunzi zoezi: Queen Elizabeth, yenye tani zipatazo 65,000, iliingia kazini mwaka 2017 bila manati, ikiwa na mwinuko mbele ya sitaha, waeleze sababu, wakianzia kwenye ndege za Sea Harrier zilizoruka kutoka Hermes.