Kuunganisha kabati la vipande nyumbani bila kuliharibu

Makabati, meza na rafu nyingi zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya maboksi hutengenezwa kwa chipibodi, yaani chenga za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi kisha zikavikwa ngozi nyembamba yenye rangi au mchoro wa mbao. Seremala aliyezoea mninga anaweza kung'oa skrubu na kuirudisha mahali pake mara kadhaa bila madhara makubwa, lakini chipibodi haikubali kurudiwa hivyo: tundu likishalika, chenga humomonyoka na skrubu haishiki tena. Kwa hiyo tahadhari karibu zote zinazofuata hapa, nikichukua mfano wa kabati la nguo, zina shabaha moja, nayo ni kwamba kila kiungo kifungwe mara moja tu na kifungwe sawasawa.

Kabla ya kufunga chochote, hesabu vipande vyote ukivilinganisha na karatasi ya maelekezo, kwa sababu duka linaweza kukubali kubadilisha bidhaa ambayo haijaguswa, ilhali kabati lililokwisha kufungwa nusu huleta mabishano. Tenga skrubu kwa urefu wake katika visahani tofauti. Ubao wa kabati la kawaida una unene wa milimita 15 hadi 18, na skrubu ya milimita 20 ikiingizwa kimakosa mahali pa ile ya 13 itatokeza ncha upande wa pili, na alama hiyo haifutiki.

Lifunge kabati katika chumba kile kile litakamokaa, kwa kuwa likishasimama huenda lisipite mlangoni. Kumbuka pia kwamba kabati linalofungwa likiwa limelala huhitaji nafasi kubwa zaidi ya urefu wake wakati wa kulisimamisha: lenye urefu wa sentimita 220 na kina cha sentimita 60 hufika sentimita 228 pale kona yake inapopita juu. Chumba chenye dari fupi kitalikwamisha, na pangaboi linaweza kugongwa hata kama dari inatosha, basi pima hadi kwenye mapanga na si hadi kwenye dari peke yake. Tandika maboksi yaliyofunguliwa juu ya sakafu, maana kingo za chipibodi zikiburutwa juu ya vigae hubanduka.

Tumia bisibisi ya mkono. Drili ya umeme ina nguvu kuliko inavyohitajika hapa, na inapokwenda mbio hukata nyuzi za tundu kabla mkono haujahisi lolote. Angalia pia kichwa cha skrubu kwa makini: bisibisi za nyota zipo za aina mbili, na kichwa chenye mistari minne midogo kati ya mikono ya nyota kinahitaji bisibisi ya aina yake, mara nyingi iliyoandikwa PZ2. Ile ya nyota ya kawaida huteleza humo na kukivuruga kichwa.

Mahali panapoharibika zaidi ni kwenye vifungio vya duara. Kifungio kina sehemu mbili: pini ya chuma inayoingizwa katika ubao mmoja, na kidonge cha duara kinachokaa ndani ya ubao wa pili na kuivuta pini kikizungushwa. Pini iingie hadi bega lake liguse uso wa ubao, isibaki nje hata kidogo wala isizamishwe ndani. Ikibaki nje, mbao hazitakutana. Ikizama, kidonge hakitaipata shingo yake. Kidonge nacho kina mshale mdogo au tundu ubavuni, ambalo lazima lielekee ukingoni mahali pini inapoingilia. Mbao zikishakutana kabisa, kizungushe kufuata mwendo wa saa, karibu nusu mzunguko, hadi uhisi kimekaza, kisha acha. Mwanya ukiwa bado upo, usilazimishe kwa bisibisi. Kirudishe kidonge, tazama kama kijiti cha mbao, kile kinachoingia katika matundu ya mbao zote mbili ili kuziunganisha, kimekaa vibaya au kama pini haikuingia vya kutosha, kisha unganisha upya. Kukaza zaidi hupasua ganda jembamba la ubao linalokizunguka kidonge, na hapo hakuna tiba ya kuridhisha. Tundu la skrubu lililolika lina nafuu yake: lijaze gundi ya mbao pamoja na vijiti vya kuchokolea meno, kata vinavyotokeza, subiri saa 24, ndipo ufunge upya.

Ubao wa nyuma, ile hadibodi nyembamba, hudharauliwa na wengi, nami naona ndio unaoamua kama kabati litadumu, kwa sababu ndio unaolizuia lisilale upande. Kabla ya kugongelea msumari wa kwanza, pima kwa futi kamba kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha upime kona nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, sukuma taratibu kona mojawapo kati ya zile mbili zenye kipimo kirefu hadi vilingane. Anayepuuza jambo hili ataona milango haifungi na droo zinakwaruza, na atazilaumu bawaba bila sababu. Misumari iwe karibu karibu, nayo iingie katikati ya unene wa ubao.

Kulisimamisha ni kazi ya watu wawili, na likishasimama linyanyuliwe, lisiburutwe. Liweke sawa kwa pimamaji kwanza, ndipo urekebishe milango: kwa kawaida skrubu ya mbele ya bawaba husogeza mlango kushoto au kulia, na ya nyuma huuingiza au kuutoa. Katika nyumba zinazodekiwa kwa maji mengi, weka vipande vya plastiki chini ya kila ukingo unaogusa sakafu, kwa maana chipibodi ikinywa maji huvimba, na hata ikikauka haiwi tena kama ilivyokuwa.

Hatimaye lifungwe ukutani, hasa penye watoto wanaopenda kukanyaga droo zilizovutwa. Mwaka 2016 nchini Marekani, kampuni ya IKEA ilitangaza kurejeshwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Ukuta wa matofali ya saruji hutobolewa kwa drili ya kupiga, kisha huwekwa fisha, yaani kile kidude cha plastiki kinachoishika skrubu ndani ya tundu, inayolingana na skrubu. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, lipu ya chokaa humeguka, hivyo fisha iwe ndefu ya kufika kwenye jiwe lenyewe. Mwenye nyumba akisita kuruhusu kutoboa, mweleze kwamba ni matundu mawili madogo yatakayozibwa siku ya kuhama. Akikataa kabisa, chagua kabati fupi na upange vitu vizito katika droo za chini.