Cheti cha kifo, faili la mirathi na jina la baba: namna ya kuzipata karatasi zako Tanga

Baba yangu alifia nyumbani Ngamiani mwaka 1994, alfajiri ya Ijumaa. Alasiri haijaadhiniwa alikuwa keshazikwa. Karatasi hakuna aliyeikumbuka. Miaka 25 baadaye, tulipotaka kuigawa nyumba, swali la kwanza mahakamani likawa: cheti cha kifo kiko wapi? Nilihangaika miezi minane. Nayaandika haya kwa sababu nataka mwenzangu yasimchukue hata miezi miwili.

Anza mtaani. Kila ofisi itakudai karatasi ya ofisi iliyo chini yake, kwa hiyo ukikimbilia mahakamani utarudishwa wilayani, na wilayani utarudishwa kwa mtendaji. Mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, akuandikie barua ya kueleza marehemu alikuwa nani, alikaa wapi na alifariki lini. Aliyefia hospitali, iwe Bombo au kwingine, tangazo la kifo hutolewa huko huko hospitali. Ukishayapata hayo nenda kwa msajili, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko kazi za RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, zinakofanyika wilayani. Maombi waweza pia kuyaanzisha kwa simu kwenye eRITA, mfumo wao wa mtandaoni. Mimi bado nashauri uende mwenyewe angalau mara moja na nakala zote mkononi, hasa kama tukio ni la zamani.

Uliza pia ni wilaya gani. Kinachotazamwa ni pale mtu alipozaliwa au alipofia, si unapokaa wewe. Mtoto wa Makorora aliyezaliwa Hospitali Teule atafutwe Muheza. Halafu sisi watu wa Tanga tuna ndugu Pemba. RITA husajili vizazi na vifo vya Bara tu. Aliyezaliwa Wete au Chake Chake, taarifa zake ziko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Shangazi yangu alipanga foleni Tanga siku tatu akitafuta cheti ambacho kisingeweza kupatikana Tanga.

Sasa majina. Hapa ndipo nilipolia. Baba alifanya kazi shamba la mkonge, na kwenye kipande chake, yaani kadi ya kazi, karani wa shamba alimwandika Mohamedi Bakari. Kwenye karatasi za nyumba ni Muhamadi Abubakari. Cheti changu cha shule kinasema Mohamed Bakar. Nyumbani kwetu hata mtoto mdogo ajua Bakari na Abubakari ni jina moja. Mezani kwa msajili hao ni watu watatu. Kabla hujakwenda kokote, zitandaze karatasi zako zote mkekani, usome jina herufi kwa herufi na kuandika kila tofauti. Kisha nenda kwa wakili au kwa hakimu, ule kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Mimi nilikwenda na wazee wawili waliomjua baba tangu ujana, mmoja walikuwa naye shambani, nao wakashuhudia kwa maandishi. Kiapo kile ndicho kilichonifungulia mlango. Chagua tahajia moja, ile iliyomo kwenye karatasi yenye uzito zaidi kisheria, na tangu hapo kila fomu iandike hivyo. Watoto wenu waandikisheni vivyo hivyo: anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, na aliyefiwa na mzazi huhakikiwa cha kifo pia. Herufi moja yaweza kumkwamisha mtoto wa watu.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Aliyekaa nje ya ofisi akakwambia umpe mkononi atakusaidia, mpite.

Kwa mahakama, kitu unachohitaji kuliko vyote ni namba ya shauri na mwaka. Nyumba yetu baba aliirithi kwa babu, kwa hiyo nilidaiwa pia mirathi ya babu ya mwaka 1978. Bila namba, karani alikuwa afungue rejesta ukurasa kwa ukurasa, na aliniambia wazi hana nafasi hiyo. Namba niliipata nyuma ya stakabadhi iliyofifia, sandukuni kwa mama, chini ya kanga zake. Mirathi nyingi za Kiislamu na za kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo tafuta huko kwanza. Andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi: namba, mwaka, jina la marehemu, wewe ni nani kwake, na unataka nakala ya nini. Taja kama ni hukumu au fomu ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Ukiandika “faili” tu utazungushwa. Na kama hukumu ni mpya na hukuridhika, nakala iombe siku ile ile, kwani rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania.

Kiwanja chenye hati hufanyiwa upekuzi, yaani kuangalia kimeandikwa kwa jina la nani, kwa Msajili wa Hati. Peleka namba ya kiwanja na kitalu. Kisicho na hati, uliza idara ya ardhi ya halmashauri ya jiji.

Ukinyimwa taarifa ya ofisi ya umma bila sababu, iombe kwa maandishi na utaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 30 za kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na msibani, kabla jeneza halijatoka, mteue kijana mmoja asiyekwenda kuchimba kaburi. Kazi yake iwe kibali cha mazishi na tangazo la kifo, kabla watu hawajatawanyika. Cheti kikija, kipige picha, ukitie kwenye kopo lenye kifuniko. Chini ya godoro unyevu wa pwani hukila wino, na cha babu tulikikuta kimeshikana na bahasha.