Msaada wa kisheria bila malipo mkoani Kigoma: namna ya kuufikia mapema, ushahidi ukiwa mkononi

Msaidizi wa kisheria anayeijua kazi yake atakuuliza tarehe kabla ya kukuuliza jambo lingine lolote: uliachishwa kazi tarehe ngapi, notisi ya kuhama ulipewa lini, kibali chako kinaisha siku gani. Mpangaji wa Mwanga aliyefika na hasira zake zote, au kijana wa Katonga aliyeondolewa kazini na mwenye mitumbwi, huyaona maswali hayo kuwa usumbufu, kwa sababu amekuja kueleza alivyodhulumiwa. Hata hivyo, katika miaka niliyokaa upande wa pili wa meza hiyo nimeona madai ya haki yakipotea kwa kuchelewa mara nyingi zaidi kuliko kwa kushindwa hoja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mpangaji, mfanyakazi na mhamiaji wa kipato cha chini anayeishi Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu, Kibondo au vijiji vya jirani.

Mahali pa kuanzia

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuweka utaratibu wa kuwasajili wao pamoja na taasisi zinazotoa msaada kwa watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelimisha, kukusaidia kupata na kuandaa nyaraka, kukuelekeza kwenye chombo kinachohusika na kusaidia mapatano. Hawezi kusimama mahakamani kukutetea, kwani hiyo ni kazi ya wakili. Njia rahisi ya kumpata ni kwenda kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako na kuuliza ni watoa msaada gani waliosajiliwa katika wilaya. Uliza pia katika mahakama iliyo karibu, hasa wakati wa Wiki ya Sheria inayofanyika kila mwaka kuelekea mwanzoni mwa Februari, ambapo mawakili na watumishi wa mahakama hutoa ushauri bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imewasaidia wengi mikoani, ila nashauri usiketi kuisubiri, kwa sababu kampeni hufika kwa siku chache na muda wa kisheria wa shauri lako hausimami kuingoja.

Jihadhari na vishoka. Mtu anayejitambulisha kuwa msaidizi wa kisheria kisha akadai hela ya fomu, hela ya mafuta na hela ya kumwona hakimu, mwache hapo hapo. Anayejiita wakili mwombe jina lake kamili na ulitafute katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama huna simu ya intaneti, mwombe karani wa mahakama au mtoto wa jirani akusaidie, maana ni kazi ya dakika chache.

Ukurasa mmoja wa daftari

Kabla ya kwenda popote, chukua daftari la shule na uandike mambo yaliyotokea kwa mpangilio wa tarehe, kila tukio mstari wake: siku uliyoanza kazi au kuingia kwenye nyumba, kiasi mlichokubaliana, siku ya malipo ya mwisho, maneno uliyoambiwa na aliyeyasikia. Usiandike maoni yako kuhusu tabia ya mwajiri au mwenye nyumba. Ukurasa huo humwezesha mtu wa sheria kuona kwa muda mfupi jambo ambalo ungelieleza kwa saa nzima, na ndio utakaokukumbusha tarehe miezi mitatu baadaye utakapoulizwa mbele ya msuluhishi.

Wengi hudhani kwamba bila mkataba wa maandishi hawana ushahidi. Dada mmoja aliyefanya kazi za ndani Gungu kwa karibu miaka miwili alifika kwetu akiwa na simu ndogo ya vitufe yenye kioo kilichopasuka, akasema hana karatasi hata moja. Tulipofungua ujumbe mfupi tuliikuta mishahara yake ikiwa imepangana mwezi baada ya mwezi, kila muamala ukiwa na jina la bosi wake, tarehe na saa, hadi mwezi aliofukuzwa. Alikuwa amebakiza siku moja tu kuiuza simu ile. Kwa hiyo usifute ujumbe, usibadilishe laini, na kama simu imepotea, nenda kwa mtandao wako wa simu uombe taarifa ya miamala. Picha ukiwa na sare ya kazi, kitabu cha mahudhurio, risiti ya kodi na daftari la mgawo wa dagaa lililopo mwaloni, vyote hivyo ni ushahidi. Tengeneza nakala, ile halisi usimwachie mtu yeyote, hata sisi.

Mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mgogoro ukitokea naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Kwa sababu hiyo kauli ya “hukuwa na mkataba” isikutishe. Sheria hiyo pia inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Kwa wavuvi, wapakiaji wa bandarini na vibarua wa mashine za mawese, mwajiri hupenda kusema kwamba hakuwaajiri bali waligawana mapato. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa inayoyataja, yakiwemo haya: namna yake ya kufanya kazi inasimamiwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi na mwingine, au kipato chake kinamtegemea mtu huyo. Baharia asiye na mtumbwi, wavu wala taa yake mwenyewe, anayeambiwa usiku gani aingie ziwani, ana hoja ya kusimamia, ingawa mwajiri naye anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga.

Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Kama unadai kwamba uliachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tangu kuachishwa; madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizi ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na mazungumzo ya “njoo wiki ijayo tuongee” hayazisimamishi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wengi zaidi: mwajiri mjanja hamkatalii mtu, humwahidi tu mpaka mwezi unapita. Zungumza naye ukitaka, lakini fomu uwe umeiwasilisha. Aliyekwisha kuchelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa fomu nyingine, akieleza sababu ya msingi kwa kila siku aliyochelewa, na maombi hayo hukataliwa mara kwa mara. Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita hawezi kutumia vifungu vya kuachishwa isivyo halali, ila bado anaweza kudai mshahara na stahiki nyinginezo.

Fomu yenyewe ni CMA F1. Ijaze na msaidizi wa kisheria au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano CHODAWU kwa wafanyakazi wa majumbani na hotelini, au TPAWU kwa wa mashambani. Sehemu ya kueleza unachodai isijazwe kwa haraka, kwa kuwa dai ambalo hukulitaja hapo ni vigumu kuliingiza baadaye. Kisha nakala ipelekwe kwa mwajiri, naye asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, itume kwa posta iliyosajiliwa na utunze stakabadhi, kwa sababu Tume itataka uthibitisho kwamba mwajiri amearifiwa. Usuluhishi ukishindikana, shauri huendelea kwenye hatua ya uamuzi. Katika hatua hizo unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako, na wakili au na mwakilishi binafsi uliyemchagua.

Mpangaji

Mwenye nyumba anayeng'oa mlango, kuezua bati au kukata umeme ili mpangaji ahame anafanya kitendo ambacho sheria haikumpa ruhusa, hata kama kodi inadaiwa kweli. Anapaswa kutoa notisi, na mpangaji akikataa kuondoka, apeleke shauri kwenye chombo chenye mamlaka. Kwa upangaji usio na muda maalumu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wenyewe, yaani anayelipa kwa mwezi apewe angalau mwezi mmoja.

Jambo likitokea, piga picha, kisha mwite mwenyekiti wa mtaa aje aone na aandike alichokiona, kwa maandishi yenye tarehe na muhuri. Ikiwa vitu vyako vimechukuliwa au umepigwa, toa taarifa polisi siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mgogoro wa ardhi au nyumba huanzia Baraza la Kata, ambapo mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha watu. Fahamu kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu na halitoi tena hukumu. Likishindwa kupatanisha linakupa hati ya kuonyesha hivyo, ambayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huitaka kabla ya kukusikiliza, ila siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri kata bila mapatano, unaweza kwenda huko hata bila hati. Wapo wanaokuja kwetu na karatasi ya kata iliyoandikwa “hukumu”, wakiamini kwamba wameshinda. Kama unachodai ni fedha tu, mfano kodi ya miezi sita uliyolipa ukakaa miwili, mwombe mtu wa sheria akuamulie kwanza kama dai hilo ni la ardhi au la mkataba, kwa kuwa kufungua mahali pasipo sahihi kutakurudisha mwanzo.

Mhamiaji, mkimbizi na raia anayetiliwa shaka

Hapa Kigoma makundi haya matatu huchanganywa, na kila moja lina njia yake. Mkimbizi wa kambini, kama Nyarugusu, anaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayomtaka awe na kibali anapotoka kambini. Msaada wake aanze kuutafuta kwa mashirika ya kisheria yanayofanya kazi ndani ya kambi, na kibali akibebe mwilini, asikiache kwenye begi. Mhamiaji anayelima au kuchunga bila kibali, naye ana mshahara anaoudai, azungumze na mtoa msaada kabla hajajaza fomu yoyote, kwa sababu dai hilo linaweza kufungua mlango wa shitaka la uhamiaji, na mtu wa sheria ndiye wa kupima lipi litangulie.

Kundi la tatu ni Waha wenzetu wa mpakani, ambao kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana huulizwa uraia wao hata walipozaliwa Heru Juu na babu zao wamezikwa hapo. Kusanya mapema cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, na nyaraka za wazazi, pamoja na barua ya serikali ya kijiji. Ukihojiwa, jibu kwa utulivu, na usitie saini wala dole gumba kwenye maelezo ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Siku ya kusikilizwa

Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo omba usomewe na uelezwe kila hatua. Ukikosa kufika, shauri lako linaweza kufutwa. Uamuzi ukitolewa, omba nakala siku hiyo hiyo na uulize muda wa kuupinga. Kwa tuzo ya CMA ni wiki sita, na maombi hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo tangu mwaka 2020 ina jengo lake hapa Kigoma, hivyo safari ya treni kwenda Tabora haihitajiki tena. Wavuvi wa dagaa waangalie na mwezi: tarehe ikiangukia kwenye giza, wakati wenzako wote wako ziwani, mweleze karani siku tarehe inapopangwa, si asubuhi ya shauri.